Sufuria la Shaba na Dawa ya Bati

Sijutii kumwaga lile tui. Watu wa Garsen waliona, wakasema nimerukwa na akili, na mpaka leo kuna mmoja akinipita huniuliza kama nimeshapona. Waseme. Ningemwaga tena.

Mimi hutengeneza bodi za saketi, zile za kuongoza pampu za sola mashambani. Sikufundishwa na mtu; ni simu yangu, video, na vidole kuungua. Nachora njia kwenye bodi ya shaba, naichovya kwenye dawa inayokula shaba isiyotakiwa, nasafisha. Lakini huku kwetu delta, shaba ikiachwa uchi inaota kijani upesi sana. Watu wa Chara walinirudishia bodi yangu ya kwanza imeoza hivyo, wakaniuliza kama niliichimbua kaburini. Ndipo nikajifunza kuipaka bati: unachanganya dawa, unazamisha bodi, dakika chache shaba inageuka nyeupe.

Dawa yenyewe si mchezo. Ina tindikali, ina unga ambao pakiti yake imechorwa alama ya hatari. Kwa hiyo nina sheria zangu: glavu, miwani, dirisha wazi, kopo la plastiki lenye kifuniko. Maji ya kusuuzia yanaingia mtungini, hayamwagwi chini mbuzi wakaja kuyalamba. Na chombo kilichogusa dawa hakirudi jikoni. Milele.

Kibanda ninachofanyia kazi hapa Garsen ni cha mama mmoja wa Kipini anayeuza chai. Namwita Mamkubwa ingawa hatuna damu moja. Watu walipokuwa wakicheka kwamba kijana wa kijiji cha Hewani ameacha kulima aje kucheza na nyaya, yeye ndiye aliyenipa kona nikae. Mtu akimgusa yule, amenigusa mimi.

Alikuwa na sufuria kubwa la shaba aliloachiwa na mamake. Zamani kwao kulikuwa na mafundi wa kutia kalai, waliolipaka bati ndani kwa moto ili shaba isiharibu chakula. Mafundi hao wameisha, na la kwake lilikuwa limechujuka. Siku moja akaona bodi yangu inageuka nyeupe.

"Na langu je, mwanangu?"

Nikamwambia hapana, hii si ya vyombo. Basi. Sikueleza, nilikuwa na haraka.

Ijumaa moja ilikuwa hitma, kisomo cha kumwombea marehemu mumewe. Mimi nilikuwa nimelala Chara nikifunga pampu. Niliporudi kabla ya adhuhuri nikakuta kopo halina kifuniko, dawa imepungua na imechafuka kama mto wakati wa mafuriko. Jirani yangu, fundi wa simu niliyemwachia ufunguo, alikuwa anatabasamu.

"Nimemsaidia mama yako. Nimeimimina ndani ya sufuria, nikaizungusha, nikairudisha. Linang'aa hilo!"

"Umefanya nini?"

"Bodi ni shaba, sufuria ni shaba. Shida yako iko wapi, profesa?"

"Shida ni dawa, we! Hiyo ni sumu, na ishakula uchafu wa bodi kibao. Ulivaa glavu?"

"Glavu za nini? Kwani mimi daktari?"

Nilitaka kumpiga. Hakukuwa na nafasi ya kumpiga. Nilikimbia hadi nyumbani kwa Mamkubwa. Uani wanawake walikuwa wanachambua mchele. Sufuria liko juu ya mafiga, tui linaanza kuchemka. Sikusalimia. Nikavua shati, nikashikia masikio ya sufuria, nikamwaga kila kitu.

"Ana mashetani huyu!" mmoja akapiga kelele.

"Mashetani wapi? Wivu tu. Kazi imefanywa na mwenzake."

Mamkubwa alikuwa ameshika mwiko. "Sema," akaniambia. "Sema hivyo hivyo unavyotetemeka."

Nikasema yote, tindikali, unga, ile alama kwenye pakiti. "Ningekueleza siku ile, Mamkubwa. Nilidhani hapana yangu inatosha."

"Wewe ungekula?"

"Singekula. Na ningemzuia kila mtu, hata shehe."

Akautazama ule weupe. Nadhani ndio uliomuuma: sufuria lilikuwa zuri, kama alivyolijua utotoni. Kisha akaweka mwiko chini.

"Basi kimbia. Azima sufuria kwa majirani. Watu wakitoka msikitini wanakuja kula."

Nilibeba sufuria nne za alumini kichwani. Nazi zikakunwa upya. Wali ulichelewa mpaka shehe akasinzia. Na fundi wa simu naye akaja! Kaoga, kanzu nyeupe, kakaa mkekani kama bwana harusi. Nikamwendea Mamkubwa, damu inachemka, nikamwambia yule asile.

"Hitma haifukuzi mtu," akasema. "Mpelekee maji anawe. Si alishika dawa kwa mikono mitupu?"

Nikampelekea maji na sabuni, nikasimama juu yake. Akanawa mara tatu, mpaka viwikoni, mkeka mzima unatazama.

"Yatosha sasa?" akauliza.

"Bado," nikamwambia. "Sugua."