Mpira wa Keria

Kila nikipita kwa mafundi baiskeli hapa Bariadi, harufu ya solusheni na tyubu hunirudisha uani kwetu.

Nilikuwa nimeunda ndege ya bua la mtama, mabawa ya boksi, pangaboi la kopo. Ilikuwa ikipanda kidogo, kisha inaangukia mkia. Nikabandika udongo mzito wa mbuga puani mwake, nikaupunguza kwa ukucha, nikaongeza tena. Wapi! Basi nikachukua mpira wa tyubu ambao baba alikuwa akifungia magunia ya pamba kwenye keria ya baiskeli yake, nikauchana vipande vyembamba, nikavisokota vizungushe pangaboi.

Ndege ikaruka, ikavuka paa. Nilipiga kelele za furaha, nikakimbia kuiokota.

Baba akatoka ndani amembeba mama, aliyekuwa akiungua homa siku ya tatu. Akamkalisha kwenye keria ampeleke hospitali. Kichwa kikalala upande.

“Ng'wanone, mwanangu, mpira wangu uko wapi? Nimfunge asianguke.”

“Sijui, baba.”

Akamfunga kwa kanga. Fundo lilifunguka mara mbili kabla hawajafika barabarani, nami nimesimama, ndege nimeificha ndani ya gauni.

Baba hakuniuliza tena kuhusu ule mpira, hata aliporudi peke yake na habari ya msiba, akiisukuma baiskeli.