Karatasi Isiyotoboka ya Mama Joy wa Matulo

Mvuke unapanda kutoka kwenye karai. Agneta Nabwile amekunja mikono ya sweta, anakanda madaftari makuukuu hadi yawe rojo la kijivu. Nyuma ya nyumba yake hapa Matulo, karibu na Webuye, karatasi mpya zimeanikwa kwenye kamba kama nepi za mtoto.

Kwa miaka mingi amekuwa akiuzia maduka ya Bungoma bahasha na kadi. Lakini hizi za leo haziendi sokoni. Ni za mumewe.

Levi Wakoli alikuwa msomaji wa Maandiko kanisani kabla ya presha ya macho kumpofusha. Alijifunza nukta nundu, maandishi ya wasioona yanayopapaswa kwa vidole. Karatasi maalumu za maandishi hayo ni ghali, basi Agneta akampa zile anazotengeneza mwenyewe. Kila Levi alipobonyeza kalamu ya chuma, zilitoboka.

"Alikuwa anaziweka kando polepole, ati nisisikie vibaya," Agneta anasema. "Halafu akaacha kuomba nyingine. Akawa tu wa kukaa."

Siku moja Agneta alimsikia redioni Wangechi, mwalimu wa chuo kimoja cha ufundi mjini Kitale, akieleza jinsi ya kuimarisha karatasi. Akafunga safari.

Wangechi alimweleza kwamba kila karatasi inapotengenezwa upya, nyuzi zake hukatika zikawa fupi na kushindwa kushikana. Yeye huchemsha makapi ya miwa kutoka Kabuchai na kuyasaga hadi yatoe nyuzi nyembamba mno, zisizoonekana kwa macho. Ndani ya maji hufanana na uji mwepesi. Zikitiwa kwenye rojo, hujipenyeza katikati ya zile fupi na kuzifunga pamoja.

"Mama, mimi nilikuwa nafikiria mifuko ya miche," Wangechi alimwambia. "Hii ya mzee sijawahi jaribu. Lakini si tujaribu?"

Agneta alirudi na mtungi wa uji huo, akaumimina wote kwa pupa. Maji yakakataa kuchujika. Karatasi zikakauka zikiwa zimejikunja kama majani ya mahindi kiangazini. Alilia jikoni, kisha akapiga simu Kitale.

"Punguza, mama," Wangechi alimtuliza. "Weka kidogo, kama chumvi ya mboga."

Zilizofuata zilikuwa laini lakini imara. Agneta aliweka moja mezani. Levi akaibana kwenye kibao chake cha kuandikia, akabonyeza, akatega sikio. Akabonyeza tena, kwa nguvu zaidi. Akaigeuza, akaipapasa.

"Mama Joy!" akaita. "Hii imekataa kutoboka, bana!"

"Umeandika nini, Baba Joy?"

"Kuja nikuonyeshe." Akamshika kidole, akakipitisha taratibu juu ya vinundu. "Hapa ni wewe. Agneta."

Kazi haijawa rahisi. Karatasi nyingine bado huharibika, na uji wa makapi lazima utoke Kitale, ingawa Wangechi ameahidi kumfundisha kuutengeneza mwenyewe.

Binti yao, Joy, anaolewa Desemba, na Levi ameomba kusoma Neno siku hiyo.

"Pasta anataka somo fupi," Agneta anasema huku akitabasamu. "Mimi namtengenezea karatasi za somo refu."