Ugali kwa Asali

Juzi, kwenye benchi la hospitali moja hapa Tabora, jamaa mmoja alifungua hotpoti, akamimina asali juu ya ugali, akaanza kumlisha mama yake aliyekonda sana. Benchi zima tulicheka. Mimi nikaongeza, "Kesho utamtilia kwenye dagaa."

Hakuinua macho. "Ana ugonjwa wa kusahau, mzee. Hata njaa haisikii. Daktari alituambia ulimi wake sasa unataka kitamu tu, basi tumlishe kwa njia hiyo."

Mama akanisogezea hotpoti. "Karibu, baba. Huyu kijana simjui, lakini anapika vizuri."

Kukataa chakula cha mtu ni dharau, na dharau yangu ilishatosha. Nikanawa, nikamega. Asali yote ile, na tonge halikushuka.