Taa yangu imeinyima harusi wali

Wakulima wenzangu, leo nimeaibika.

Dada anaolewa mwezi ujao. Nilijitapa kwamba wali wa harusi utatoka kwenye kijaruba changu cha nyuma ya nyumba.

Baba alitaka mbegu ya muda mfupi, ambayo umri ukifika inachanua. Nikachagua ya kienyeji, kwa ajili ya harufu. Mimi si mtu wa wali usionukia!

Nikaiwekea taa ya sola, iwake mpaka asubuhi, wezi wakome.

Leo majirani wote wana masuke.
Mimi nina majani.
Pembeni tu, taa isikofika, ndiko kulikochanua.

Mama akacheka: “Mbegu yetu husubiri usiku urefuke, mwanangu. Wewe usiku umeufuta.”

Taa nimeing'oa. Dada keshaagiza ndizi.

Chekeni. Ila nani ana jaruba la kijani kama langu?