Karani Gichovi na Ng'ombe wa Miss Wraxall

Gichovi wa Njura alikuwa karani wa taipu katika boma la Embu, na mwaka ule wa 1955 hapakuwa na tai iliyonyooka kama yake katika wilaya nzima. Alizaliwa Gachoka, kwenye joto la Mbeere, na tangu utotoni mpaka alipotimiza miaka kumi na minne alichunga ng'ombe wa baba yake. Hilo hakupenda lijulikane. Misheni ilimtoa machungani ikampa kalamu, kalamu ikampa taipu, na taipu ikampa kiti chenye mto. Mtu akimuuliza habari za mifugo, alikunja uso kama aliyeulizwa habari za mwezini.

"Hayo waulize wachungaji," alisema, huku akipangusa viatu.

Basi mwaka huo bwana DO, mzungu mtawala wa tarafa, alitembelewa na dada yake mkubwa, Miss Wraxall, mwalimu wa historia ya sanaa katika chuo kimoja cha London. Wageni wengine walikuja na bunduki za kuwindia simba. Yeye alikuja na masanduku matatu ya picha na kifua kibovu kilichochoshwa na ukungu wa kwao. Alitaka kumalizia kitabu chake juu ya wachoraji wa Uingereza wa karne ya kumi na tisa. Nchi ilikuwa katika hali ya hatari. Watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vilivyozungushiwa mahandaki, hapakuwa na kutembea bila pasi, na kafyu ilifunga milango mapema kuliko kuku. Miss Wraxall aliyaona hayo, akasikitika sana, kisha akauliza ni nani hapa anayepiga taipu bila makosa.

Gichovi akapelekwa kwake kila alasiri. Wiki ya kwanza alipiga kurasa ishirini na nane juu ya mawingu, akadhani kitabu kinahusu hali ya hewa. Lakini mwalimu asiye na wanafunzi hufundisha hata kiti, na Gichovi ndiye aliyekuwa kwenye kiti.

"Unaona nini?" Miss Wraxall alimuuliza, akiinua picha.

"Mti, Miss."

"Na nini tena?"

"Mti mwingine."

"Tazama tena."

Akatazama tena. Siku ya pili akaona mtoto nyuma ya mti. Siku ya tatu akaona kwamba mtoto amelia. Kabla ya mvua kuanza alikuwa anaweza kusema mwanga unatoka wapi, upepo unavuma kuelekea wapi, na ni nani katika picha amegombana na nani. Alianza kuitazama hata picha ya malkia iliyotundikwa ofisini kwa namna iliyowatia wasiwasi makarani wenzake.

Mambo yaliharibika kwenye sura ya saba. Sura hiyo ilihusu picha moja tu: mto, ng'ombe wakinywa maji, mwanamume akifyeka nyasi, na jua likiwa chini kabisa upande wa kulia. Picha yenyewe iliteketea kwa moto zamani, ikabaki nakala iliyochapwa kwa bamba la shaba. Barua ya mchoraji ilisema kwamba alisimama akitazama kaskazini. Kwa hiyo, alisema Miss Wraxall, kulia ni mashariki, na jua lile linachomoza. Profesa Tindall, hasimu wake, alishikilia kwamba ni jioni, kwa sababu eti watu wale wanaonekana wamechoka. Walikuwa wamebishana miaka kumi na mmoja, kwa barua na kwa magazeti ya wasomi, na sura ya saba ilikusudiwa kumzika Tindall.

Gichovi alipiga kurasa arobaini na tatu za mazishi hayo. Kwenye ukurasa wa mwisho akaitazama picha, kama alivyofundishwa, na vidole vikaganda. Ng'ombe wa mbele alikuwa ameonyesha mgongo na mkia, na ubavu wake ulikuwa umefura kwa shibe. Ubavu wa kulia.

Alifunika taipu. Angesemaje? Karani mwenye tai hajui ng'ombe. Lakini neno lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, na Jumamosi akaomba ruhusa ya kwenda nayo picha nyumbani.

Kwenye lango la kijiji alisimamishwa na Mbaka, mkuu wa mahomugadi, wale askari wa kulinda kijiji, mtu mwenye masharubu makubwa na subira ndogo. Mbaka aliufungua mfuko, akatoa picha.

"Hii ni nini?"

"Picha ya Uingereza, mzee. Ya miaka mia iliyopita."

Mbaka aliisogeza mbali, akaileta karibu. "Ng'ombe huyu ni mgonjwa."

Gichovi akasogea karibu. "Mgonjwa vipi?"

"Wewe karani huoni? Amejaa kulia! Tumbo la majani liko kushoto. Hata mtoto anajua. Wee Riungu, kuja uone ng'ombe ya wazungu!"

Riungu akaja na mundu wake. Marcella aliyekuwa anapita na kuni akaziweka chini. Wengine wawili wakafuata, na wote wakasema lile lile, kila mmoja kwa sauti ya juu kuliko mwenzake. Hapo Mbaka akakumbuka kazi yake.

"Tawanyikeni! Mkutano wa watu zaidi ya watano ni kosa!"

"Basi jikamate," alisema Marcella. "Wa sita ni wewe."

Kicheko kikapasuka pale langoni, kicheko ambacho kijiji hakikuwa kimekisikia tangu mahandaki yachimbwe. Mbaka aliuma masharubu, akashindwa, akacheka naye. Kisha akakunja uso na kuuliza kama wazungu wale walimpa yule ng'ombe dawa yoyote.

Jumatatu Gichovi alisimama mbele ya meza ya Miss Wraxall, kofia mkononi.

"Miss, picha hii imegeuzwa. Kulia kumekuwa kushoto."

"Upuuzi. Umejuaje?"

"Ng'ombe huweka majani kushoto. Huyu ameyaweka kulia. Na huyu mwenye kufyeka anafyeka kwa mkono wa kushoto."

"Huyo nimemwandikia ukurasa mzima," alisema Miss Wraxall, sauti ikipanda. "Alikuwa wa mashoto!"

"Mtu anaweza kuwa wa mashoto, Miss. Ng'ombe hawezi."

Akatoa mfukoni muhuri wa ofisi, akamwonyesha jinsi herufi zake zilivyochongwa kinyumenyume ili zisomeke sawasawa kwenye karatasi. Fundi wa bamba alikuwa amechonga picha kama alivyoiona, na karatasi ikaipokea imegeuka. Miss Wraxall alikwenda chumbani, akarudi na kioo, akakiweka kando ya picha. Mle ndani ya kioo jua lilikuwa kushoto. Magharibi.

"Na tena," aliongeza Gichovi kwa upole, kwa maana kidonda kilikuwa kimeshafunguka, "ng'ombe aliyeshiba hivi hajaamka sasa hivi. Ameshinda malishoni."

Miss Wraxall alikilaza kioo mezani.

"Nani alikufundisha tumbo la ng'ombe?"

Gichovi alitazama viatu vyake. "Nilichunga, Miss. Miaka saba."

"Miaka saba! Na mimi nimewatazama ng'ombe hawa miaka kumi na mmoja, nikaona anga tu." Akaanza kucheka, akacheka mpaka kifua kikamshika, Gichovi akakimbilia maji. "Tindall alikuwa sahihi," alisema akipumua kwa shida. "Kwa sababu za kipumbavu kabisa, lakini alikuwa sahihi."

Aliandika Uingereza siku hiyo hiyo. Baada ya miezi mitatu jibu likaja: mjukuu wa mchoraji alikuwa na kijitabu cha michoro ya penseli, na humo jua lilikuwa kushoto, na chini yake neno moja, "jioni". Miss Wraxall akaibatilisha sura ya saba yote. Furaha ya Gichovi ikadumu mpaka alipotambua ni nani atakayepiga taipu upya kurasa zile arobaini na tatu. Alimlaani ng'ombe yule kwa Kimbeere, kila ukurasa laana yake.

Kitabu kilipotoka, Miss Wraxall alikwisha kurudi kwao. Nakala ilifika Embu kwa posta, na chini ya ukurasa mmoja, kwa herufi ndogo, mwandishi alimshukuru "Bwana Gichovi wa Gachoka, mchungaji na karani". Lile neno la kwanza lilimwasha kwa siku mbili hivi. Siku ya tatu alimsomea baba yake, na mzee akamtaka arudie hapo kwenye mchungaji.

Mwaka wa 1959 aliacha boma, akasomea ualimu, akapelekwa Kanyakine. Hapo alikuwa na desturi ya kutundika picha ubaoni na kukaa kimya. Watoto walitapatapa, wakachoka, halafu mmoja akanyoosha mkono na kusema kuna mbwa chini ya meza. Mwalimu Gichovi alitabasamu, akasema, "Vizuri. Na huyo mbwa, amekula?"