Njia ya Vibao

Zamani mtu aliyekuwa anakwenda jiji kubwa kwa mara ya kwanza alipitia kwa mzee aliyewahi kuishi huko, akamwamkia, akakaa, akaelekezwa taratibu. Siku hizi anainamia simu kiganjani, nayo inamwambia kata kulia, kata kushoto, bila shikamoo wala marahaba.

Katika mji huu mdogo mzee wa kupitiwa alikuwa mmoja tu, na watu walimwita Mzee Vibao. Ujana wake wote ulimwishia jijini, juu ya ngazi, brashi mkononi, akichora vibao vya maduka. Darasani hakuingia. Herufi alizijua kwa kuzichora: mwanzoni alizichora kama mtu anavyochora mbuzi, bila kujua zinasema nini, kisha akawa anamuuliza kila mwenye duka, "Hii ya kwanza inaitwaje?" hadi siku moja akajikuta anasoma gazeti alilofungiwa misumari. Tangu hapo akasoma kila kilichopita mbele ya macho yake.

Jiji aliliweka kichwani kwa vibao. Hakusema mtaa fulani, nyumba namba fulani. Alisema, shika njia mpaka kwa kinyozi mwenye kichwa kilichonyolewa upande mmoja, pinda kwenye ng'ombe mwekundu wa bucha, ukimwona fundi saa wa samawati ujue umefika. Kinyozi, ng'ombe na saa vyote alivichora yeye, na wakati huo hata wenyeji walielekezana hivyo hivyo.

Kisha mwenye karakana aliyomwajiri akanunua mashine ya kuchapa vibao vya plastiki. Akamwita ofisini, akamwonyesha kimoja, bado kina joto. "Unaonaje, fundi?"

"Herufi hazina mgongo," alijibu.

Wiki hiyo hiyo alizifunga brashi zake kwenye gazeti, akarudi kwao. Jijini hakukanyaga tena.

Lakini mdomo wake haukurudi naye, ulibaki jijini. Ilikuwa raha kumsikia. "Ukishuka kwenye basi usitazame maghorofa," aliwaambia wasafiri. "Anayetazama juu ndiye anayepapaswa chini. Barabara ivuke nyuma ya mwanamke mwenye mtoto mgongoni, hata dereva mlevi humwonea haya. Na ukitaka kuuliza njia usimuulize mtu aliyesimama, yeye mwenyewe anapita. Muulize aliyeketi. Muulize fundi viatu, maana kazi yake ni kutazama watu wanakoelekea."

Watu walikwenda, wakarudi na zawadi ya sukari, wakamwambia mambo yalikuwa kama alivyosema. Wengi walisema hivyo kwa adabu tu. Walikuwa wamepotea, wakauliza, wakaelekezwa na wengine. Nani angemwambia mzee usoni kwamba ng'ombe mwekundu hayupo? Adabu nayo ina hasara zake, ingawa utovu wa adabu wa leo sijaona faida yake.

Jirani yake, ukuta kwa ukuta, alikaa dada yake mkubwa na mumewe, seremala aliyestaafu. Huyo shemeji alikuwa mtani wa kweli. Kila asubuhi alipiga ukuta kwa ngumi. "Mzee Vibao, umeamka au tukuchoree cha kaburini?"

"Nichoree wewe, mimi nitakosoa herufi. Lala, shemeji."

Dada aliwaacha wabishane. "Mdogo wangu," angesema akipita na ndoo, "ukimjibu huyu utazeeka kabla yake."

Kijana wao wa kiume alikuwa mmoja tu, na alikuwa jijini, fundi wa lifti kwenye maghorofa. Alimwita mzee "mjomba" kwa sauti ya kumchokoza, na kila likizo alimwambia, "Mjomba, twende nikakuonyeshe mji wako." Mjomba alijibu kwamba mji wake hauna haja ya kuonyeshwa.

Mwaka ule kijana akaugua moyo. Madaktari wakasema apasuliwe haraka. Akapiga simu kwa wazazi, sauti chini kuliko kawaida yake: atapelekwa chumba cha upasuaji mchana wa siku inayofuata, na kabla ya hapo anataka kumwona mama. Baadaye akatuma maelezo ya njia kwa sauti: washuke kituo kipya cha mabasi, wapande treni ya mjini, washuke kituo cha hospitali, mlango unatazamana na reli.

Dada akaja na ile simu kwa mdogo wake, akaishika kwa mikono miwili. Wakasikiliza pamoja, halafu mzee akatikisa kichwa.

"Kituo kipya ni pango la wezi, nimesoma. Na treni itawazungusha bure. Mwambieni dereva awashushe darajani. Kutoka darajani hospitali ni kwa miguu, mnafuata vibao vyangu tu, hamhitaji hata kufungua mdomo."

"Lakini mwenyewe anasema treni," alisema shemeji.

"Mwenyewe amekwenda juzi. Mimi ile hospitali nimechora hata mlango wake."

Shemeji akamtazama mkewe. Dada alikuwa tangu utotoni anamwamini mdogo wake kuliko redio. "Kama anasema darajani," alisema, "basi darajani."

Walisafiri usiku kucha. Asubuhi Mzee Vibao alikaa barazani, simu gotini, kama mtu anayesubiri kuitwa kazini. Ilipolia alikuwa shemeji.

"Tumeshuka."

"Vizuri. Jua mnalo usoni au mgongoni?"

"Jua hatuna kabisa. Tuko chini ya barabara nyingine, magari yanapita juu ya vichwa vyetu."

Mzee alihamishia simu sikio la pili. "Tokeni hapo. Tafuteni ng'ombe mwekundu."

"Hapa pana ukuta wa vioo tu, shemeji. Namwona mzee mmoja humo, amechoka vibaya. Nadhani ni mimi."

Mzee alicheka. Akawaambia waendelee mbele, kinyozi hatakosekana. Wakaenda, naye akaenda nao kwa fikra, duka baada ya duka: hapa palikuwa na duka la redio, hapa mshona mapazia, hapa aliwahi kuanguka na ngazi mpaka watu wakamkusanyikia. Simu ikalia tena. Safari hii alikuwa dada, anahema.

"Mdogo wangu, tumefika kwenye uzio mrefu. Ndani wanachimba. Kinyozi hakuna."

"Zungukeni uzio."

"Upande gani?"

Hakujua. Kusema "sijui" kungetosha, wangemshika mpita njia yeyote. Lakini neno hilo hakuwahi kulitamka kuhusu jiji, na siku hiyo pia lilimkwama. "Kushoto," alisema.

Walizunguka kushoto. Uzio ulikuwa na urefu wa mtaa mzima, kwa sababu ndani yake palikuwa ni mtaa mzima umebomolewa. Jua likapanda. Mzee alipiga mara kadhaa, haikupokelewa, na ilipopokelewa ilikuwa sauti asiyoijua, ya msichana.

"Shikamoo babu. Mimi nauza vocha hapa kona. Nimewakuta hawa wazee wameketi chini, mama miguu imemvimba."

"Marahaba. Waelekeze hospitali, mjukuu wangu. Wapitie kwa fundi saa wa..."

"Babu, hospitali ilihama zamani. Iliyokuwa huku sasa ni maegesho ya magari. Ya sasa iko ng'ambo ya reli. Ndugu zako wangeshuka kituo kipya wangefika mapema. Usijali, nafunga meza yangu, nitawapandisha treni mwenyewe."

Aliwapandisha kweli, akakaa nao mpaka mlangoni. Huyo alikuwa wa simu kiganjani, na siandiki hili kwa kupenda.

Walipofika, kitanda kilikuwa kimetandikwa upya. Kijana alikuwa ameshapelekwa. Muuguzi aliwaambia alikuwa akigeuza shingo kila mlango ulipofunguliwa, akaomba asubiriwe kidogo, wakamsubiria kidogo, zamu nazo zina mipaka. Wakapewa benchi kwenye ujia. Wakakaa hapo, kiatu kimoja cha mama kikiwa mkononi, hadi daktari alipotoka akiwa amevua kofia yake. Kijana hakuamka.

Yote haya shemeji aliyasimulia msibani, mara moja tu, kwa mtu mwingine, huku Mzee Vibao ameketi mkekani pembeni yake. Dada, watu walipokuja kumpa pole, alisema siku ya mwanawe ilikuwa imefika. Kwa mdogo wake alisema hivyo hivyo, akampa kikombe cha chai kama anavyopewa mgeni.

Laiti wangemtukana. Alingoja. Matanga yakaisha, ukuta haukugongwa. Akikutana na shemeji kisimani, shemeji alimtangulizia salamu: "Habari za asubuhi, mzee." Mzee. Bila Vibao. Miaka yote aliitwa mzembe, mla rangi, kaburi linalotembea, na hakuna jina lililomchoma kama hilo la heshima. Siku moja alijaribu mwenyewe. "Shemeji, leo umekuja kuteka maji au kujitazama humo?" Shemeji akatabasamu kwa upole, akajitwisha ndoo, akaenda.

Wasafiri walipungua, kisha wakakoma. Mmoja asiye na habari alikuja kuuliza atapataje nyumba ya wageni nafuu jijini. "Waulize wanaokaa huko," alijibiwa, na mlango ukafungwa taratibu.

Jioni nyingine alivuka kwenda kwa dada yake, amejiandaa kusema. Alimkuta anakunja nguo za marehemu. "Dada," alianza, "ile siku, kuhusu njia..."

"Kaa," alisema dada bila kuinua macho. "Nishikie huku tukunje hili shuka."

Akashika. Wakakunja, wakasogeleana, vidole vikagusana kwenye pindo, wakatengana. Walipomaliza shuka dada akachukua jingine. Mzee akaondoka bila kusema alilokuja kusema, na mpaka leo hajui kama alizuiwa au alisamehewa.

Mvua zilipokwisha, binti yao wa kwanza, mwalimu katika mji mwingine, akaja kuwachukua wakakae kwake. Nyumba ilikuwa kubwa mno kwao, alisema. Lori lilipakiwa asubuhi. Mzee Vibao alibeba viti, akabeba sanduku la randa na patasi za shemeji, akasaidia kuingiza kabati ambalo shemeji alilitengeneza kwa mikono yake. Shemeji akampa mkono. "Ahsante sana, mzee. Ubaki salama." Akapanda mbele na dereva.

Dada alikataa kukaa mbele. Alisema anataka kulishika kabati lisiangukie vyombo. Wakampandisha nyuma, akaketi juu ya magodoro, mgongo kwa safari, uso kwa nyumba.

"Nitakuja kuwaona," alisema Mzee Vibao.

Dada akamtazama muda mrefu. "Ni mbali," alisema. "Tena njia huijui."

Hakulisema kwa ubaya. Lori likaondoka, yeye ameshika kabati kwa mkono mmoja na ukingo kwa mwingine, mikono yote ina kazi, likapita kisima, likapita mashine ya kusaga, likazama kwenye vumbi lake. Hiyo ndiyo mara ya mwisho Mzee Vibao kuwaona.