Kipima Hewa Sebuleni Kwangu

Mimi si mtu wa kushangazwa. Naanza na hilo ili anayesoma ajue yuko na nani. Nimetoka Zombo na baiskeli ya kuazima na darasa la nne ambalo sikulimaliza. Leo nina mashine ya kukoboa mpunga hapa Kilosa mjini, nina gesti ya vyumba kumi na viwili kule Mikumi, na nina nyumba ambayo watu wakipita mbele yake hupunguza mwendo. Mafuriko yalinikuta nikapanda juu ya bati na redio yangu, nikasikiliza mpira mpaka dakika tisini. Tembo aliwahi kuja kula migomba nyuma ya gesti, wageni wakapiga mayowe vyumbani, mimi nikatoka na kandambili nikampigia sufuria mpaka akaona aibu. Ofisa mmoja aliniuliza nimesoma chuo gani, nikamwambia chuo cha njaa, akaandika.

Mtu wa namna hiyo utamshangaza na nini?

Binti yangu wa kwanza alikuja na kidude cheupe, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia.

Huyu binti ni muuguzi, anaishi Morogoro. Shule yote niliyoikosa mimi kaisoma yeye, na ya ziada. Ana mtoto mmoja wa kike, wakati huo alikuwa na miaka saba, aliyerithi jina la mama yangu mzazi. Kwetu mtoto wa hivyo ni mama yako, hakuna mjadala. Kwa hiyo mimi ndiye ninayemwamkia: "Shikamoo mama." Naye, bila kucheka wala kuona haya, hujibu: "Marahaba mwanangu, umekula?" Katika dunia hii hakuna mtu mwingine anayeniuliza kama nimekula. Wote huniuliza wao watakula nini.

Likizo ya mwezi wa sita alikuja kwangu, na siku ya tatu pumu ikambana. Kifua kikawa kinapiga miluzi kama birika. Tukamkimbiza hospitali, akalala huko siku mbili na kibarakoa cha mvuke usoni. Binti yangu akaja, akamchukua, akaondoka naye bila maneno mengi. Tangu siku hiyo kila nikiuliza mama yangu anakuja lini, najibiwa "tutaona, baba." Mimi nimefanya biashara miaka thelathini. Mtu akikwambia tutaona, ujue ameshaona.

Sasa mwezi wa kumi na moja ndiyo binti kaja na kile kidude, akakiweka juu ya kabati la televisheni.

"Baba, hiki ni kipima hewa. Kinapima vumbi, moshi, dawa za kupuliza, joto, kila kitu kilichomo ndani. Kikiwa kijani, hewa ni nzuri. Njano, si nzuri. Nyekundu, mbaya."

"Hewa ya nyumba hii naijua. Niliijenga mwenyewe."

"Kinatuma majibu kwenye simu yangu, huko huko Morogoro." Akakiunganisha na kirauta kidogo cha intaneti chenye laini ya simu, alichonunua yeye mwenyewe. "Shule zinafungwa baada ya wiki tatu na nusu. Kikikaa kijani siku saba mfululizo, mjukuu wako anakuja likizo nzima. Siku moja ikiharibika, tunaanza kuhesabu upya."

Nikacheka. Nyumba yangu ina madirisha ya alumini, vioo vyeusi, na kiyoyozi kikubwa kuliko cha benki. Madirisha yale hayajafunguliwa tangu fundi aliponikabidhi, ili vumbi la barabarani lisiingie. Nikamwambia binti amwambie mama yangu aanze kupanga nguo.

Binti hakuwa hata amemaliza chai yake. Kidude kikawa chekundu.

"Ni jiko la mama yako hilo," nikasema.

Mke wangu alikuwa mlangoni na kanga begani. "Jiko langu liko uani, baba watoto. Lina miaka kumi huko uani."

"Moshi una miguu."

"Na magunia je?"

Niseme kuhusu magunia. Chumba cha wageni, ambacho mlango wake unatazamana na sofa, kilikuwa na magunia sitini na manne ya mpunga. Nilinunua wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, nikayapanga humo kusubiri bei ipande. Watu wengine huweka ghalani. Ghalani kila mtu anakuhesabia mali yako. Mimi hulala na mali yangu ndani, na mgeni akikaa kwenye sofa mlango ukiwa wazi kidogo, anajua anaongea na nani. Harufu ya mpunga mkavu kwangu ni manukato.

"Mpunga haupumui, mama watoto," nikamwambia. "Tafuta lingine."

Binti akarudi Morogoro, nami nikaanza kutawala. Nikapiga marufuku mkaa, tukanunua gesi. Nikapiga marufuku udi wa siku ya Ijumaa, mke wangu akaninunia mpaka Jumapili. Nikapiga marufuku dawa ya mbu ya kuchoma. Nikaenda kwa jirani anayechoma taka, nikamlipia kijana wa mkokoteni azipeleke mbali. Kidude kikaniangalia kwa jicho la njano, na kila nikipita kwenda chumbani kinabadilika kuwa chekundu, kana kwamba mimi ndiye taka.

Wiki ikaisha hatujapata hata siku moja ya kijani. Nikaona hapa kinachotakiwa ni akili. Nikakichukua, nikakiweka kwenye friji, kati ya maziwa na nyanya. Ndani ya friji hakuna vumbi, kila mtu anajua. Baada ya nusu saa nikachungulia: kijani safi. Nikafunga mlango nikimsifu Mungu.

Simu ikalia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umeona kijani hicho?"

"Nimeona. Sebuleni kwenu leo kuna nyuzijoto tano."

"Kiyoyozi changu ni kikali."

"Kilosa, baba. Mwezi wa kumi na moja."

"Nilinunua kile kikubwa, si unakumbuka?"

"Baba, toa kipima hewa kwenye friji."

"Nani amekwambia kiko kwenye friji?"

"Sasa hivi umeniambia wewe."

Mwanamume wa kawaida angeishia hapo. Mimi kila Alhamisi huenda Mikumi kukagua gesti. Alhamisi hiyo nikabeba kidude na kirauta chake, nimevifunga kwenye shuka. Gesti yangu ina chumba namba saba, cha nyuma kabisa, malori ya barabara kuu huyasikii. Nikavichomeka umeme juu ya meza, nikafungua dirisha, nikafunga mlango, nikatia ufunguo mfukoni. Dada wa mapokezi akaniangalia.

"Bosi, namba saba niandike nini?"

"Andika kuna mgeni."

"Mgeni gani, mbona sikumwona akiingia?"

"Ni mdogo. Hatoki nje."

"Chakula nimpelekee saa ngapi?"

"Hali."

Siku nne mfululizo kidude kilikuwa kijani kama mpunga wa Kilangali mwezi wa tatu. Binti akanipigia simu kwa furaha. "Hongera baba! Umefanya nini?" Nikamjibu, "Nidhamu tu, mwanangu. Nyumba inataka nidhamu." Nilipoteremka mashineni nikawahadithia wateja jinsi hewa ya kwangu inavyosifiwa hadi Morogoro. Mzee mmoja wa Chanzuru, aliyeleta mpunga wake kukoboa, akaniuliza hewa hiyo nauza kilo shilingi ngapi. Wivu nausikia kwa mbali.

Siku ya tano mambo yakaharibika. Kumbe mgeni wa namba saba alikuwa amemkosesha raha yule dada wa mapokezi. Mtu hali, hatoki, hakohoi. Akachukua ufunguo wa akiba, akaingia na mhudumu wa usafi, wakakuta kidude peke yake mezani kinawaka. Wakadhani ni wadudu wa aina mpya au ni uchawi, sijui, ila walipuliza dawa ya mende chupa nzima.

Yaliyofuata nilihadithiwa na mke wangu jioni, akiigiza sauti zote mbili.

"Mama! Tokeni nje! Nyumba inaungua!"

"Nyumba ipi? Mimi hapa nachambua kunde. Hakuna hata moto wa mkaa, baba yako kapiga marufuku."

"Simu yangu inalia, kipima hewa kimejaa nyekundu!"

"Hicho kidude hakipo hapa, mwanangu. Baba yako kakipangishia chumba Mikumi."

Mke wangu hakunichongea, alisema ukweli wake akaendelea na kunde. Tumeoana muda mrefu.

Nilitegemea binti angenigombeza, na majibu nilishayaandaa. Hakunigombeza. Alimpa simu mwanawe.

"Mwanangu," sauti ndogo ikasema.

"Naam mama. Shikamoo."

Hakuitikia marahaba. "Umeidanganya mashine?"

"Kidogo."

"Mara ngapi?"

"Mara mbili."

Nikasikia anapumua, na hata kwenye simu ule mluzi kidogo ulikuwepo. "Basi mimi nitaenda kwa babu wa Dodoma."

Babu wa Dodoma ni baba mzazi wa mkwe wangu, mwalimu mstaafu. Ana nyumba ya vyumba vitatu, haina kiyoyozi, ina madirisha ya mbao. Yanafunguka, lakini hiyo ni sifa gani? Nilikaa na simu sikioni muda mrefu baada ya kukatika. Usiku huo mke wangu aliniwekea wali, nikaula nusu, naye akaufunika uliobaki.

Kesho yake nikakifuata kidude Mikumi, nikakirudisha juu ya kabati la televisheni. Zilikuwa zimebaki siku kumi shule kufungwa.

Siku ile ile akaja mnunuzi wa mpunga, kijana wa Morogoro mwenye lori. Amkio lake zuri, bei yake mbaya.

"Shikamoo mzee. Nasikia una mzigo."

"Marahaba. Ninao, lakini sio wa kuuza leo. Unatoa ngapi?"

"Elfu themanini na nane na mia tano kwa gunia."

"Kijana, kunywa maji uende."

"Niuone tu, mzee. Kuona si kununua."

Nani anakataa kuonyesha mali? Nikamfungulia mlango wa chumba cha wageni. Akatoa bambo lake, kile chuma chenye mfereji wanachochomea gunia kuvuta mpunga wa ndani, akachoma gunia la juu, akavuta, akakung'uta kiganjani. Vumbi likatoka kama ukungu, likapita mlangoni kwenda sebuleni kwenye mwanga. Akapiga chafya tatu. Akachoma gunia la chini, lile lililoegemea ukuta, na hilo likatoa harufu ya kuvu, maana chumba hakijawahi kuonja upepo tangu lile gunia liingie.

Nyuma yetu kidude kikaanza kupiga kelele. Sikujua kwamba kinaweza kupiga kelele. Namba ilikuwa mia tatu na kitu, na taa nyekundu kama ya gari la wagonjwa.

Yule kijana akafuta pua, akacheka. "Mzee, hata mashine yako inasema uza."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Hakumwangalia mnunuzi, wala mimi. Aliangalia kitanda kilichobanwa kwenye kona, magunia yamefika mpaka kwenye ubao wake.

"Mwezi wa sita alilala humu," akasema.

Mimi ndiye niliyempangia. Nilimwambia mama yangu, wewe ndiye mlinzi wa mali ya mwanao, lala nayo. Akafurahi sana, akahesabu magunia mpaka usingizi ukamchukua.

Nilijaribu, msidhani nilijisalimisha kirahisi. Nikapiga simu ghala la kukodi, likawa limejaa. Stoo ya mashineni mafundi walikuwa wameezua paa, na mvua za vuli zimeshaanza. Nikamwambia kijana afikishe tisini na tano. Akaniangalia, akakiangalia kidude kinacholia, akajibu kwa adabu kubwa: "Themanini na nane na mia tano, mzee wangu, na napakia mimi mwenyewe." Mtoto mshenzi. Mimi mwenyewe ndivyo nilivyokuwa nikinunua kwa watu wenye misiba.

Magunia sitini na manne yakatoka siku hiyo hiyo. Mke wangu akafagia, akapiga deki mara tatu, akatoa godoro juani. Madirisha ya alumini yakagoma kufunguka, nikayapiga ngumi mpaka yakakubali, na upepo ukaingia sebuleni kwangu kwa mara ya kwanza ukapeperusha kalenda. Kesho yake kidude kikawa kijani. Sikukigusa. Nilikuwa napita mbali nacho kama mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala. Siku saba zikatimia shule ikiwa imebakiza siku mbili kufungwa.

Mama yangu alishuka kwenye gari na begi la mgongoni. Nikamwambia shikamoo. Akanitazama kwanza, akaingia ndani, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye kidude, akakisoma, akafungua chumba cha wageni, akavuta pumzi ndefu kwa pua. Halafu akarudi.

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Alikaa likizo nzima, hakupiga mluzi hata siku moja. Alilala kwenye chumba kitupu, akalalamika kwamba hana cha kuhesabu.

Katikati ya likizo hiyo mpunga ukapanda. Walianza kunipigia simu wale wale waliokuwa wananunua, wakiuliza kama nimebakiwa na mzigo, na bei ikafika laki moja na elfu kumi kwa gunia. Mama yangu alikuwa amekaa pembeni yangu na daftari lake la hesabu. Akaniambia nimsomee tofauti ya gunia moja, azidishe yeye. Tofauti ilikuwa elfu ishirini na moja na mia tano. Akazidisha mara sitini na nne, akafuta, akazidisha tena, ulimi nje, akanionyesha: shilingi milioni moja, laki tatu na elfu sabini na sita. Hiyo ndiyo hasara yangu kwa kuuza mapema; nikamwambia amepatia, nikamsikiliza anavyopumua bila mluzi.